Gitaa la Umeme la Bei Nafuu: Kununua kwa Busara, Kubadilisha Vipuri kwa Kiasi



Katika somo letu la leo tunajibu swali ambalo mafrateri wanaosimamia kwaya, na waamini wengi maparokiani, wamekuwa wakituuliza: kwaya yetu ina fedha kidogo, tunataka gitaa la umeme, tununue lipi? Na tukishanunua la bei nafuu, je, tuongeze fedha ili kubadilisha vipuri vyake, au tuliache kama lilivyo?

Ni swali la ufundi, lakini ndani yake limo pia swali la uwakili. Fedha inayonunua gitaa la kwaya mara nyingi imetoka katika Jumuiya Ndogo Ndogo, mikononi mwa mama muuza mboga na kijana anayebeba mizigo stendi. Bwana wetu aliketi akitazama watu wakitia sadaka hekaluni, akaona thamani ya senti mbili za mjane (Mk 12:41-44). Nasi yatupasa kuziona senti hizo kabla ya kuingia dukani.

1. Tulivyojifunza kwa kosa letu

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Katika parokia moja tunakokwenda kwa utume wa Dominika, kwaya ilinunua gitaa la umeme la bei ya chini. Kijana mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyekuwa akilipiga. Baada ya majuma machache kila mtu alisikia kwamba kitu hakikai sawa. Akipiga kodi karibu na kichwa cha gitaa, sauti ni nzuri. Akipanda juu ya shingo kupiga solo, anatoka nje ya sauti ya kinanda. Tulimwambia asikilize vizuri. Tulimwambia afanye mazoezi. Mwisho mmoja wetu alimwambia, mbele ya wenzake, kwamba sikio lake si la muziki. Dominika iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja tena.

Wakati huohuo tulianza mipango ya kuchangisha ili tuagize pikapu mpya, maana mtu alikuwa amesoma kwamba pikapu za magitaa ya bei nafuu hazifai. Kabla mchango haujakamilika, fundi mmoja aliyepita alilishika gitaa, akapiga uzi mtupu, akaubana kwenye freti ya 12, akacheka. Noti hizo mbili zilipaswa kuwa noti ileile, moja juu ya nyingine kwa oktavu. Hazikuwa hivyo. Nyuzi zilikuwa kuukuu, na vibebeo vya nyuzi kwenye daraja havikuwahi kupangwa tangu gitaa litoke kiwandani. Kwa bisibisi, seti mpya ya nyuzi na muda usiozidi saa moja, gitaa likapatana na kinanda.

Sikio la kijana lilikuwa sahihi muda wote. Gitaa ndilo lililokuwa likisema uongo, na sisi tulimhukumu mtu badala ya kukagua chombo. Pikapu mpya zisingesaidia hata kidogo, kwa sababu kazi ya pikapu ni kupokea kile uzi unachosema na kukipeleka mbele. Uzi ukisema uongo, pikapu ya gharama itautangaza uongo huo kwa sauti safi zaidi.

Tulikwenda nyumbani kwao kumwomba radhi. Alirudi. Lakini tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba yeyote anayepewa dhamana ya kwaya ajue walau mambo ya msingi ya chombo anachokisimamia. Ndiyo sababu ya somo hili.

2. Kabla ya duka: gitaa hili ni la kazi gani?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia Takatifu (Sacrosanctum Concilium, 1963), namba 120, unaipa ogani ya mabomba heshima ya pekee katika Kanisa la Kilatini. Hapohapo unafungua mlango kwa ala nyingine, kwa hukumu na idhini ya mamlaka halali ya eneo husika, mradi ala hizo zinafaa au zinaweza kufanywa zifae kwa matumizi matakatifu, zinalingana na hadhi ya hekalu, na kwa kweli zinawajenga waamini. Maelekezo ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 yanaongeza kwamba utamaduni na mapokeo ya kila taifa yazingatiwe (na. 63), na kwamba sauti ya ala isizifunike sauti za waimbaji hata maneno yasisikike (na. 64).

Basi hatua ya kwanza ni kuzungumza na paroko. Ajue gitaa linakusudiwa kutumika wapi: katika Misa, katika mikesha na semina, au katika mazoezi tu. Hatua ya pili ni kuikumbuka namba 64 tunapochagua. Gitaa la kusindikiza nyimbo halihitaji sauti kali ya kupasua hewa. Linahitaji kukaa kwenye noti, kutulia na kutopiga kelele za umeme wakati wa ukimya mtakatifu. Haya matatu yanapatikana hata katika gitaa la bei nafuu, likichaguliwa vizuri na kutunzwa.

3. Kiwanda kilipunguza wapi gharama?

Magitaa mengi ya umeme ya bei nafuu yanafuata michoro michache ya zamani, hasa Stratocaster ya Fender iliyotoka mwaka 1954 na Les Paul ya Gibson iliyotoka mwaka 1952. Makampuni hayo yenyewe yana majina ya bei ya chini: Fender ina Squier, na Gibson ina Epiphone. Yamaha, kampuni ambayo chimbuko lake ni Torakusu Yamaha aliyetengeneza kinanda kibovu cha shule kule Hamamatsu, Japani, mwaka 1887, ina familia yake ya Pacifica. Magitaa ya namna hii siku hizi hukatwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Kwa hiyo mwili na shingo vya gitaa la bei nafuu mara nyingi vimekatwa kwa usahihi mzuri.

Gharama hupunguzwa mahali pengine. Kwanza, katika kazi ya mikono ya mwisho: kusawazisha freti, kulainisha ncha zake, kuchonga mifereji ya nyuzi, kupanga daraja. Kazi hizi huchukua muda wa fundi, na muda ni fedha. Pili, katika vyuma na umeme: funguo nyepesi, swichi na vidhibiti vya sauti vya kawaida, tundu la jeki linalolegea mapema. Tatu, katika ubao wenyewe, ambao huenda ukawa mwembamba zaidi au umeunganishwa kwa vipande vingi.

Tukilijua hili tunapata kanuni ya kwanza ya ununuzi: nunua shingo, usinunue rangi. Funguo zinabadilishwa kwa dakika chache. Jeki inabadilishwa na fundi redio yeyote. Shingo iliyojikunja kama kamba au freti zilizoliwa hugharimu kuliko gitaa lenyewe. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na rangi inayong'aa haijawahi kukaza uzi.

4. Ukaguzi dukani

Nenda na mpigaji mwenyewe. Kama hamna mpigaji mzoefu, nenda na mtu mwenye subira. Fanyeni haya kwa utaratibu:

*Shingo.* Shika gitaa kama mtu anayelenga, utazame kuanzia kichwani kuelekea kwenye daraja. Shingo iwe karibu imenyooka, yenye mpindo mdogo sana wa kwenda mbele. Mpindo ukizidi kidogo, ipo fimbo ya chuma ndani ya shingo inayoweza kurekebishwa. Lakini shingo ikiwa imesokotwa, upande mmoja juu na mwingine chini, lirudishe gitaa.

*Freti.* Pitisha kiganja kwenye kingo za shingo. Ncha zisikwaruze. Kisha piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, bila kuruka. Mahali noti inapokufa au inapolia kwa mtetemo wa chuma, weka alama akilini. Freti moja iliyoinuka fundi ataishughulikia; zikiwa nyingi, chagua gitaa lingine.

*Noti ya 12.* Kwa kipima noti, au programu ya bure ya simu, tyuni uzi mtupu, kisha ubane kwenye freti ya 12. Tofauti ndogo hurekebishwa. Angalia tu kwamba vibebeo vya daraja vina nafasi ya kusogea na skrubu zake hazijaota kutu.

*Funguo.* Zizungushe. Ziwe na ukinzani ulio sawa, zisiwe na sehemu tupu zisizovuta.

*Umeme.* Chomeka kwenye amplifaya. Zungusha vidhibiti vyote, bonyeza swichi katika kila nafasi, tikisa waya taratibu kwenye tundu la jeki. Mkwaruzo mdogo ni vumbi. Sauti kukatika ni jeki au waya uliolegea.

*Likiwa limetumika.* Geuza nyuma ya kichwa utafute mstari wa ufa, hasa katika magitaa ya umbo la Les Paul, ambayo kichwa chake kimelala nyuma na huvunjika kirahisi yakianguka. Ufa uliogundishwa vizuri unaweza kudumu, lakini bei lazima ishuke.

Usalama usisahaulike. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230 hivi, na ule wa Marekani ni wa volti 120. Amplifaya iliyotumika kutoka Marekani, ikichomekwa ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, itaungua, na inaweza kuleta moto. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kulipa.

5. Kabla ya kubadilisha chochote: rekebisha

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli. Lakini hata mkulima hodari hukaza mpini kabla ya kwenda shambani, wala halaumiwi kwa hilo. Hapa ndipo siri kubwa ya gitaa la bei nafuu ilipo: sehemu kubwa ya tofauti yake na gitaa la gharama ni marekebisho ambayo kiwanda hakikuyafanya. Yafanyeni kwanza.

a) *Nyuzi mpya.* Nyuzi za kiwandani zimekaa gitaani miezi mingi. Pwani, ambako hewa ina chumvi, hushika kutu haraka zaidi. Kwa anayeanza, seti ya unene wa 9 hadi 42, au ya 10 hadi 46, inatosha. (Hizo ni sehemu za elfu za inchi.) Zungusha uzi mara mbili au tatu kwenye ufunguo, kisha uvute kwa mkono na kuutyuni tena mara kadhaa mpaka utulie. Wengi hulaumu funguo kumbe nyuzi hazikuvutwa.

b) *Mpindo wa shingo.* Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Katikati ya shingo pawepo upenyo mwembamba, robo ya milimita hivi, sawa na kadi nyembamba. Ukihitaji kuzungusha fimbo ya shingo, zungusha robo ya mzunguko tu, tyuni tena, upime. Ukikuta ukinzani mkubwa, acha, umwite fundi.

c) *Kimo cha nyuzi.* Kwenye freti ya 12, uzi mwembamba uwe juu ya freti kwa milimita 1.6 hivi na uzi mnene kwa milimita 2 hivi. Nyuzi zikiwa juu mno vidole huumia na noti hupanda, maana uzi huvutwa sana unapobanwa. Zikiwa chini mno hulia.

d) *Noti za juu ya shingo.* Linganisha uzi mtupu na freti ya 12. Noti iliyobanwa ikiwa juu kuliko inavyopaswa, sogeza kibebeo nyuma, mbali na shingo, ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivi kwa nyuzi zote sita. Hili ndilo lililotuponza sisi.

e) *Kizingiti.* Tunaita hivyo kile kipande chembamba chenye mifereji sita, kati ya kichwa na shingo. Ukisikia mlio wa "tiki" unapokaza uzi, uzi umenasa mferejini, na ndiyo sababu gitaa halikai kwenye noti. Sugua unga wa penseli mferejini. Dawa hii haigharimu kitu, na mara nyingi inaponya ugonjwa ambao watu huupeleka kwenye duka la funguo.

f) *Kimo cha pikapu.* Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Ikikaribia nyuzi mno, sumaku huzivuta na sauti huyumba. Ishushe kidogo kwa skrubu zake za pembeni, usikilize.

Baada ya haya, pigeni gitaa hilo miezi sita. Tunasema miezi sita kwa makusudi. Katika muda huo mpigaji atakua, na atajua kwa hakika kinachomzuia, wala hatasema alichokisikia kwa wengine.

6. Sasa, vipuri: kipi kwanza?

Miezi ikipita na kasoro ikabaki, fuateni mpangilio huu.

*Kwanza, kinachoharibika.* Jeki, swichi, kidhibiti kinachokwaruza hata baada ya kusafishwa. Hivi ni vya bei ndogo, na fundi redio anaviweza. Hapa hakuna mjadala: gitaa linalokatika sauti katikati ya Utukufu linawavuruga waamini.

*Pili, kizingiti.* Mifereji ikiwa imechongwa vibaya, kizingiti kipya cha mfupa kilichochongwa na fundi stadi huleta faida inayosikika katika kila noti ya uzi mtupu.

*Tatu, funguo.* Zibadilishwe tu ikiwa zimelegea kweli, baada ya nyuzi na kizingiti kuthibitika kuwa vizima. Pimeni matundu kabla ya kuagiza, kwa maana vipimo havifanani.

*Nne, daraja.* Hapa wengi hupoteza fedha. Madaraja mengi ya magitaa ya Asia yana upana wa milimita 52 hivi kati ya uzi wa kwanza na wa sita, na yale ya mtindo wa zamani wa Marekani yana milimita 56 hivi. La pili haliingii mahali pa la kwanza bila kutoboa upya. Kama daraja lenu lina mkono wa kutetemesha ambao hakuna anayeutumia, zikazeni springi za nyuma hadi daraja litulie juu ya mwili. Litakaa kwenye noti, bila gharama.

*Tano, pikapu.* Ndizo watu hutaka kuanza nazo. Sisi tunaziweka mwisho. Jiulizeni kwanza kama tatizo ni kelele au ni ladha. Pikapu ya koili moja hunasa mvumo wa umeme wa nyumba, na ni tabia yake hata katika gitaa la gharama. Mwaka 1955 Seth Lover, akifanya kazi Gibson, alibuni pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa moja uufute wa nyingine. Kwa hiyo kama mvumo ndio mzigo wenu, busara ni kulizingatia hili siku ya kununua: chagueni gitaa lenye koili mbili tangu mwanzo. Kama mnalo la koili moja, mpigaji asogee mbali na taa za mirija na transfoma, tena ageuke pembeni kidogo. Mvumo hupungua.

Lakini tofautisheni mvumo na hatari. Mvumo ukipungua mpigaji anaposhika nyuzi, ni kawaida. Ukizidi anaposhika, au akihisi shoti mdomo wake unapogusa maikrofoni, zimeni kila kitu, mkamwite fundi umeme akague waya wa ardhi. Gitaa linashikwa kwa mikono, na uhai wa kijana una thamani kuliko wimbo wa shukrani.

*Kabla ya pikapu, tazameni sauti inakotokea.* Makanisa mengi huchomeka gitaa la umeme moja kwa moja kwenye mikisa, sauti ikatoka nyembamba na yenye makali, kisha gitaa likalaumiwa. Spika ya amplifaya ya gitaa hupunguza makali ya juu. Spika za kanisa hazifanyi hivyo. Tena mikisa haikuundwa kupokea pikapu za namna hii moja kwa moja, na waya mrefu hupoteza uangavu wa sauti. Kisanduku kidogo cha kuunganishia gitaa na mikisa, au pedali inayoiga spika ya gitaa, au amplifaya ndogo yenye maikrofoni mbele yake, huleta mabadiliko makubwa kuliko pikapu mpya. Tena kifaa hicho kitabaki na kwaya hata gitaa likibadilishwa.

7. Hesabu ya mjenzi wa mnara

Yesu anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu gharama (Lk 14:28-30). Tuketi basi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usio bei ya soko: gitaa shilingi 500,000, funguo 120,000, pikapu 300,000, kizingiti na ufundi 80,000. Jumla ya vipuri ni 500,000. Sasa kwaya ina gitaa la 1,000,000, lakini shingo ni ileile na freti ni zilezile za gitaa la 500,000. Likiuzwa, mnunuzi atasoma jina lililoandikwa kichwani na kutoa bei ya jina hilo. Kama tungeongeza mwanzoni, au tungesubiri mwaka mmoja, huenda tungepata gitaa la daraja la juu lililo zima kila mahali.

Kwa hiyo tumejiwekea kanuni ndogo, nanyi mnaweza kuitumia: vipuri vyote kwa pamoja visizidi thuluthi moja ya bei ya gitaa, kila kipuri kiwe na kasoro inayotajwa kwa jina, na kipuri cha zamani kihifadhiwe, kisitupwe. Asiyeweza kusema kipuri kipya kinaponya nini, asubiri.

Sheria ya Kanisa inatuambia kwamba wasimamizi wa mali za Kanisa watimize wajibu wao kwa uangalifu wa baba mwema wa familia, na watunze vizuri vitabu vya mapato na matumizi (kan. 1284). Aidha, matoleo ya waamini yaliyotolewa kwa lengo fulani yatumike kwa lengo hilo tu (kan. 1267 §3). Mchango wa gitaa usigeuke mchango wa sare. Mkibadilisha nia, rudini kwa waliotoa. Risiti ziwekwe, na gitaa liandikwe katika orodha ya mali ya parokia, ili siku mpigaji atakapohama gitaa lisihame naye.

8. Moyo wa mpigaji

Mtakatifu Agostino, katika Maungamo yake, kitabu cha kumi, anakiri kwamba kuna nyakati alivutwa na uimbaji kuliko na kile kilichoimbwa, na alilihesabu hilo kuwa kosa la kujutia. Sisi wa nyakati hizi tunaweza kwenda hatua moja mbele zaidi na kuvutwa na kifaa kuliko hata uimbaji. Usiku kucha mtu anatazama picha za magitaa katika simu, na zaburi ya kesho hajaisoma. Tamaa hii huvaa joho la ibada: "Ni kwa ajili ya Bwana." Lakini Bwana hakutuomba pikapu. Aliyekuwa mwaminifu katika lililo dogo (Lk 16:10) ndiye atakayeaminiwa katika lililo kubwa, na lililo dogo hapa ni kupangusa nyuzi jasho baada ya Misa, kuliweka gitaa mbali na jua la dirishani, na kufika mazoezini kwa wakati.

Wala tusiende upande wa pili, wa kusema kwamba kwa Mungu chochote kinatosha. Zaburi ya 33 inadai ustadi kwa wapigao. Kumwachia kijana gitaa lisilokaa kwenye noti, kisha kumlaumu, ni kumtwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi kwa kidole. Tukiwa wachungaji wa kesho, tutapewa watu ambao sauti zao hazitapatana na kinanda. Kabla hatujasema kwamba mtu huyu hana sikio, tukague kwanza alichopewa mkononi.

Maswali ya kutafakari na kujadili

1. Katika kwaya yetu, ni nani anayejua ala zetu zilinunuliwa kwa fedha ya nani, na kwa lengo gani?
2. Ni lini mara ya mwisho tulibadilisha nyuzi na kukagua freti ya 12? Tufanye hivyo pamoja juma hili.
3. Je, yupo mtu aliyeacha kuhudumu kwa sababu ya neno letu? Tutamwendea lini?
4. Ala zetu zinasaidia maneno ya wimbo yasikike, au zinayafunika?

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, atuombee, ili ala zetu na mioyo yetu vikae katika sauti moja. Amina.